Kabla Hazijawa Zilizopendwa

Litazame vizuri hili neno: zilizopendwa. Ndani yake kuna -li-, manake mambo yamekwisha. Kuna -pendwa, manake kuna mtu alipenda, lakini huyo mtu hatajwi. Kila Jumapili redio zinatufungulia zilizopendwa, mzee wa duka anaongeza sauti, na sisi tuliozaliwa Moi akikaribia kuondoka Ikulu tunaimba "Sina Makosa" kutoka mwanzo hadi mwisho kama vile tulikuwepo. Hatuulizi swali la kwanza kabisa. Zilipendwa wapi? Na saa ngapi?

Zilipendwa usiku. Zilipendwa ndani ya kumbi na baa, mbele ya watu waliolipa kiingilio, zikipigwa na bendi iliyokuwa hapo wiki iliyopita na itakayokuwa hapo wiki ijayo. Studio ilikuja baadaye kuchukua kitu ambacho tayari kilikuwa kimeiva.

Nasema hivi kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu muziki wa laivu nchini yana tabia ya kutafuta muuaji. Ati ni kaseti za wizi. Ati ni ma-DJ. Ati ni Wakongo, kisha Wanaijeria, kisha bongo fleva. Ati vijana wa leo hawataki kujifunza gitaa. Kila shtaka lina ukweli wake kidogo. Lakini ukiipanga hii historia mwaka kwa mwaka, kuna jambo moja linarudi kila mara: bendi za Kenya zimeishi pale zilipokuwa na usiku wao wa kudumu, mahali pamoja, wiki baada ya wiki. Usiku huo ulipofungwa, bendi zilikufa, hata kama wapigaji wenyewe walikuwa hai na wazima.

Tuanze na kumbi. Wakati wa ukoloni, Mwafrika hakukaribishwa katika hoteli kubwa za katikati ya Nairobi, labda awe amebeba trei. Dansi yake ilikuwa Eastlands, katika majengo ya halmashauri ya mji: Memorial Hall pale Pumwani, Social Hall ya Kaloleni. Wakoloni walijenga kumbi hizo kwa sababu zao. Walitaka kujua vibarua wao wako wapi jioni na wanaongea nini. Lakini sakafu ni sakafu, na wenyeji waliicheza. Wanamuziki waliopitia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kama Fundi Konde aliyewatumbuiza askari wa KAR, walirudi na uzoefu wa kupiga kwa ratiba: leo hapa, kesho pale, Jumamosi tena.

Kisha usiku ukafungwa mara ya kwanza. Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana alitangaza hali ya hatari. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi waliizingira Nairobi na kukamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Mtu anayehitaji kibali ili atoke mtaa mmoja hadi mwingine haendi dansi. Na bendi isiyo na wachezaji ukumbini ni watu walioshika vyombo tu.

Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960, na mji ulipofunguka muziki ulirudi kwa kishindo. Studio ya Equator Sound ilikuwa na bendi yake yenyewe, ambamo walipita Fadhili William, Daudi Kabaka, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Mwaka 1968 kikundi cha The Tremeloes cha Uingereza kilirekodi "Helule Helule" ya Kabaka na ikaingia katika chati za huko. "Malaika" ilienda mbali zaidi, ikaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na Boney M., huku nyumbani watu wakibishana hadi leo kama mwenyewe ni Fadhili au Grant Charo. Wimbo unaweza kuzunguka dunia nzima namna hiyo na aliyeuimba abaki akitafuta kodi ya nyumba. Kilichomlisha mwanamuziki mwezi kwa mwezi ni pale alipopiga Ijumaa.

Miaka ya 1970 ndiyo tunayoililia zaidi, na tuna haki. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri, kitu ambacho Tanzania haikuwa nacho. Huko bendi zilirekodi Radio Tanzania na kusubiri kusikika hewani. Basi watu wakaja. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walifika Nairobi mwaka 1971 na kikosi kilichokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Super Mazembe wakaingia wakitokea Zambia mwaka 1974. Baba Gaston akaja 1975, na mwaka uliofuata baadhi ya vijana wake wakajitenga na kuunda Les Mangelepa.

Kwangu mimi, hadithi inayoeleza enzi hizo vizuri kuliko zote ni ya Les Wanyika. Mwaka 1978 wapigaji kadhaa wa Simba Wanyika, akiwemo Profesa Omar Shabani wa ridhimu na Tom Malanga wa besi, waliondoka na kuanzisha bendi yao. John Ngereza akawa mwimbaji. Walikaa kama miezi sita wakifanya mazoezi na kutunga, hawana mahali pa kupiga. Ndipo wakapata Garden Square, klabu ya katikati ya mji. Na baada ya hapo ndipo ikaja "Sina Makosa".

Huo mpangilio tuushike. Mazoezi kwanza, halafu mahali pa kupiga, halafu wimbo ambao Afrika Mashariki nzima inaujua. Leo tunataka msanii aanze na wimbo, apate umaarufu, ndipo tumtafutie mahali pa kupiga. Lakini sikiliza jinsi besi ya Malanga inavyoacha nafasi na ridhimu ya Shabani inavyoingia kuijaza. Hilo halifundishwi kwa simu. Watu hufikia hapo kwa kusimama pamoja usiku mwingi sana, wakichoka pamoja na kukosea pamoja.

Usiku wa kudumu hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba anajua utalipa lini. Mwenye duka anakukopesha unga. Mpigaji mpya anakaa kando ya jukwaa, anatazama vidole vya mkubwa wake, na siku mkubwa akiugua anaingia yeye. Mwimbaji anaona kwa macho yake ni ubeti gani unaowarudisha watu mezani na ni mzunguko gani wa gitaa unaowainua, halafu anarekebisha kabla ya Jumamosi. Shule gani ya muziki inakupa mtihani kila wiki na majibu papo hapo?

Hata hivyo sitaki tuipambe enzi hiyo kama bibi harusi. Vyombo vingi havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya tajiri, yaani mwenye bendi au mwenye klabu. Ukigombana naye unatoka na mikono mitupu, na gitaa lako la jana linapigwa na mwingine kesho. Ndiyo maana historia ya bendi za Nairobi imejaa mapinduzi madogo madogo na majina yanayofanana: Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika. Na usiku wenyewe haukuwa wa kila mtu. Mwanamke aliyepanda jukwaa la baa kuimba aliitwa majina kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Usiku huo uliwalea wanaume wengi na kuwafungia mlango wanawake wengi, na hasara yake hatutaijua kamwe kwa sababu nyimbo ambazo hazikuimbwa hazichezwi redioni siku ya Jumapili.

Mara ya pili usiku ulifungwa na wanajeshi wetu wenyewe. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Jaribio lilishindwa siku hiyohiyo, lakini kafyu iliwekwa na Nairobi ikajifunza kulala mapema kwa hofu. Kafyu iliondoka, hofu ikabaki kidogo. Katika miaka hiyohiyo kaseti za kunakiliwa zilikuwa zinakula mauzo ya santuri, disko zilikuwa zimeshawaonyesha wenye klabu kwamba mtu mmoja na mashine mbili anaweza kujaza sakafu, na vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni vilikazwa hadi wengine wakalazimika kuondoka. Kila pigo peke yake lingevumilika. Yalikuja yakishikana mikono.

Serikali haikunyamaza, ila iliangalia kwingine. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya ilijaribu kutekeleza agizo kwamba asilimia 75 ya muziki wa redioni uwe wa Kenya, agizo halikudumu. Mwaka 1988 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Kwaya kubwa kubwa zikawa muziki wa taifa, zikiimba siku za Madaraka na Jamhuri mbele ya jukwaa la wageni waheshimiwa. Tangu wakati ule hadi leo, kila tukizungumza sera ya muziki tunazungumza asilimia za redio na burudani za sikukuu. Ni nadra kusikia kiongozi akiuliza bendi itapiga wapi Alhamisi.

Kisha pesa nazo zikausha baa. Miaka ya 1990, uchumi ukibana, ndipo gitaa la mtu mmoja lilipotawala vilabu vya Nairobi na Kati: mugithi, mtu, gitaa, mashine ya ngoma, na wateja wamejipanga kama garimoshi. Watu wa bendi waliudharau. Mimi naona mugithi ni hesabu iliyopigwa kwa akili sana na watu waliokataa kuacha muziki. Bendi ya watu tisa ilikatwa, ikakatwa, ikabaki mmoja, na huyo mmoja akaweza kula.

Tufanye hesabu yenyewe, kwa mfano wa kufikirika. Bendi ina watu 7. Mwenye mkahawa anawapa shilingi 30,000 kwa usiku mmoja, na anahisi amewapa nyingi. Kukodi spika na maiki, 8,000. Gari la kubeba vyombo na kurudisha watu usiku wa manane, 4,000. Zinabaki 18,000, na kila mtu anapata kama 2,570. Hapo hatujalipia mazoezi mawili ya wiki hiyo wala nyuzi za gitaa lililoagizwa kutoka nje. Mwenye mkahawa naye ana hesabu yake: DJ anakuja na kompyuta mpakato, anakaa kona, hahitaji jukwaa na hanywi bia za watu 7. Hakuna mwovu katika hadithi hii. Kuna tarakimu tu, na zinakataa.

Nazijua tarakimu za aina hiyo. Niliacha chuo na sasa naishi kwa kuandika makala moja moja, na najua ukilipwa baada ya siku tisini umelipwa nusu. Ila mimi nikikosa kazi kalamu haisahau kuandika. Bendi ikikosa kazi miezi mitatu huwa haipo tena. Mpiga ngoma ameshaanza bodaboda, mpiga besi amerudi kwao, na kile kilichokuwa baina yao, ambacho hakina jina na hakiwekwi benki, kimepotea.

Wenzetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine, na inafaa tuitazame kwa sababu wanamuziki wao na wetu walikuwa haohao. Baada ya uhuru bendi zao nyingi ziliwekwa chini ya vyama na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ilichukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa vya shirika na mpigaji alikuwa na mshahara. Alilipa kwa namna nyingine, kwa kuimba sifa za chama na kwa kukosa sauti juu ya kazi yake mwenyewe. Lakini bendi hizo zilipata muda mrefu wa kukaa pamoja, na ndiyo maana jina la Msondo na jina la Sikinde bado yanapandishwa jukwaani Dar, wapigaji wakibadilishana vizazi. Sisi tuliacha kila kitu mikononi mwa mwenye baa, halafu tukashangaa mwenye baa anafikiri kama mwenye baa.

Mara ya tatu usiku ulifungwa tukiwa tunaona. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya korona, kafyu ilianza saa moja jioni nchi nzima. Ilibadilishwa saa mara kadhaa lakini haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021. Karibu miezi 19. Iliondolewa Sikukuu ya Mashujaa, tarehe ileile ambayo mwaka 1952 gavana alitangaza hali ya hatari. Sidai kwamba kafyu ya ugonjwa na kafyu ya mkoloni ni kitu kimoja. Watu walikuwa wanakufa na ilibidi hatua ichukuliwe. Nasema tu kwamba kwa mpiga gitaa zote tatu zilifika na ujumbe mmoja: nenda nyumbani, na hatujui utakula nini.

Usiku ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa nchi iliyochoka kelele. Mwishoni mwa 2022 kaunti ya Nairobi ilitangaza kusitisha leseni za vilabu vya usiku katika mitaa ya makazi. Nawaelewa majirani. Mtoto wa shule ana haki ya kulala. Lakini sheria za kelele zinapokuja bila mpango wa mahali pengine, baa yenye spika kubwa itampata wakili, na kijiklabu chenye bendi kitafunga.

Kwa upande mwingine, miaka hii si ya kiangazi kitupu. Muthoni Drummer Queen alianzisha Blankets & Wine mwaka 2008, akaitoa shoo usiku na kuileta mchana wa Jumapili, kwenye nyasi, na ghafla akina dada na familia wakawa na nafasi ambayo Garden Square haikuwapa mama zao. Safaricom ilianza tamasha lake la jazi mwaka 2014, na pesa za tiketi zikawa zinasaidia Ghetto Classics, ambako watoto wa Korogocho wanajifunza fidla na tarumbeta. Novemba 2023 Sauti Sol waliagana na mashabiki kwa tamasha kubwa Nairobi, na umati ule ulithibitisha kwamba Mkenya hulipa pesa nzuri kumsikiliza Mkenya.

Wasiwasi wangu ni kwamba tumeanza kuyaita matamasha "sekta". Tamasha ni mavuno. Linachukua wanamuziki waliokomazwa mahali fulani na kuwaonyesha siku moja. Sauti Sol wenyewe walianza mwaka 2005 kama vijana wa kuimba bila vyombo na walikomaa kwenye majukwaa madogo, Alliance Française ikiwa moja yao. Tujiulize ni aibu gani hii kwamba kwa miaka mingi jukwaa la kuaminika kabisa la mwanamuziki chipukizi wa Nairobi limekuwa kituo cha utamaduni wa Ufaransa. Nawashukuru Wafaransa. Lakini shamba la jirani haliwezi kuwa mpango wa chakula wa nyumba yako.

Vipaji tunavyo, na hata mafunzo yapo. Mashindano ya muziki ya shule yalianza 1927 na kila mwaka yanatoa vijana wanaojua kuimba sauti nne, kupiga nyatiti, kuongoza kundi. Cheti kinatolewa, basi la shule linarudi nyumbani, na hapo safari inaisha. Wanaobaki na muziki wengi hupanda jukwaani na DJ nyuma yao, wimbo uko kwenye flashi, wao wanaimba juu ya sauti yao wenyewe. Siwalaumu. Flashi haidai nauli.

Kwa hivyo matarajio yako wapi? Mimi nayaona katika majengo tuliyo nayo tayari. Kumbi za halmashauri zilizotuanzishia muziki huu bado zimesimama, na sasa ni mali ya kaunti. Zina kuta, zina paa, zina sakafu iliyozoea miguu. Zinatumika kwa mikutano na michango ya matanga, na usiku mwingi zimefungwa kwa kufuli. Kaunti ikitenga jioni moja kwa wiki katika kila ukumbi, saa kumi na mbili hadi saa nne, ikaweka spika na seti ya ngoma za umma zinazolindwa na mtu anayelipwa, ile 8,000 ya spika inaondoka katika hesabu yetu na gharama ya gari inapungua. Majirani wanalala kwa wakati. Msichana wa miaka 17 anaweza kwenda kusikiliza bila kuingia baa. Na bendi inayopiga hapo ipewe miezi sita mfululizo, isipewe siku moja, kwa sababu miezi sita ndiyo Les Wanyika walikaa wakijiandaa bila pa kupiga, na si kila bendi ina uvumilivu wa wale watu.

Haihitaji tume mpya. Haihitaji mjadala mwingine wa asilimia. Inahitaji umeme, kitabu cha zamu na mtu mwenye ufunguo. Anzeni na Kaloleni, Alhamisi.